Sharti la Osman

Ruqia Galgalo hakulala nje ya nyumba ya wakfu usiku wowote ambao palikuwa na mama mjamzito ndani yake. Hilo lilikuwa sharti, na kwa miaka kumi na moja hakulivunja. Sisemi kwamba alijitahidi asilivunje. Nasema hakulivunja. Wengi wetu hapa Migori tunazo kanuni tunazozishika siku za jua na kuziweka chini mvua ikianza kunyesha. Yeye hakuwa hivyo, ndiyo maana naandika habari zake na kuwaacha wenye majina makubwa kuliko lake.

Nyumba yenyewe iko nyuma ya barabara kuu, dakika kumi kwa miguu kutoka hospitalini. Ina vyumba vinne, vitanda vinane, jiko la nje na tangi la maji. Upande wa mbele yako maduka mawili, na kodi yake ndiyo inayonunua unga, maharagwe, sabuni na umeme. Wanaolala humo ni wanawake wanaotoka mbali ambao wameonywa na daktari wasithubutu kungojea uchungu nyumbani: huyu mtoto amekaa vibaya tumboni, yule alipasuliwa uzazi wa kwanza, mwingine presha imepanda na miguu imevimba. Wanatoka Kehancha na vijiji vya mpakani, wanatoka Rongo, na wapo wanaokuja kutoka Kisegi, kaunti jirani ya Homa Bay, kwa boda boda na kubadilisha gari mara mbili. Hukaa wiki moja au tatu, hata mwezi, mpaka siku yao ifike. Hawalipi. Hawaulizwi dini, wala hawaulizwi baba wa mtoto yuko wapi.

Aliyeitoa nyumba hiyo ni Osman, mume wa Ruqia, muuza magodoro. Walikuja Migori kutoka Isiolo wakiwa wamefunga ndoa mwaka uleule, wakapanga kibanda, baadaye wakanunua kiwanja. Mji mzima uliwaita Wasomali ingawa ni Waborana, na baada ya miaka michache waliacha kusahihisha. Hawakujaliwa mtoto. Osman alikuwa mtu wa maneno machache na mizigo mikubwa. Alibeba magodoro kichwani hadi stendi hata alipokuwa na uwezo wa kulipa mbebaji.

Mwanzoni nyumba hakuitoa. Aliwaruhusu tu akina mama wa mbali walale humo, akaajiri mlinzi, na yeye na mkewe wakaendelea kuishi kwao mtaa wa pili. Jumamosi moja mlinzi alifunga lango kwa kufuli upande wa nje akaenda kwenye mazishi ya jamaa yake, akitumaini atarudi kabla ya giza. Hakurudi. Ndani alikuwamo mwanamke mmoja tu, kutoka mpakani, na uchungu ukamshika. Majirani walipovunja kufuli walimkuta mama yu hai. Mtoto hakuwa hai. Watu walitaka kumpiga yule mlinzi. Osman akawazuia, akawaambia kwamba mlinzi aliajiriwa na yeye, kwa hiyo kama wanatafuta mtu wa kumpiga wamempata.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, alisimama msikitini akasema nyumba ile pamoja na maduka yake ameifanya wakfu kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Msomaji asiyejua maana ya neno hilo na aelewe hivi: mali ikishawekwa wakfu haiuzwi, hairithiwi, haipewi mtu zawadi. Inabaki imesimama pale pale, na manufaa yake ndiyo yanayotembea. Aliyeitoa hubakiwa na haki moja, ya kuweka masharti, na wanazuoni wamelipa sharti lake uzito unaokaribia wa andiko la sheria lenyewe. Osman aliweka masharti yake katika karatasi mbili, mashahidi wakatia saini, na nakala ikahifadhiwa na Mzee Mohammad, mwenyekiti wa kamati ya msikiti. Sharti la mwisho lilisema: msimamizi wa nyumba hii asilale nje yake usiku ambao kuna mama anayengoja ndani. Na chini yake: msimamizi ni mke wangu Ruqia, na akifa yeye, kamati itachagua mwingine.

Walihamia humo wiki ileile, katika chumba cha mwisho karibu na lango. Miaka miwili baadaye Osman alianguka dukani akiwa amekumbatia godoro, hakuamka. Ruqia aliikaa eda yake ndani ya nyumba hiyo, miezi minne na siku kumi, akizungukwa na wanawake wenye matumbo makubwa waliokuwa wakimwomba msamaha kila wakicheka.

Sasa niseme juu ya Isiolo.

Ruqia hakuizoea mvua ya Migori. Alikaa nayo miaka zaidi ya thelathini kama mtu anavyokaa na jirani mwenye kelele. Alilalamika kwamba nguo hazikauki, kwamba chumvi inalia kwenye kopo, kwamba miwa na mahindi yameziba njia ya macho hata mtu hawezi kuona mgeni wake akija kwa mbali. Kwao, alisema, unamwona mtu saa nzima kabla hajafika. Unapata wakati wa kuchemsha chai na hata wa kujuta kwamba anakuja. Alitamani upepo mkavu. Alitamani vumbi, jambo ambalo wanawake wa Kisegi waliona ni kichaa, kwa sababu wao vumbi wanalo la kutosha na wangempa bure.

Huko Isiolo alikuwako dada yake mkubwa, Ayesha. Hao ndio waliobaki wawili katika watoto saba. Ayesha naye alikuwa mjane, na walikuwa wamekubaliana tangu zamani kwamba uzee utawakuta katika ua mmoja. Ayesha alikuwa ameshajenga chumba cha pili kando ya chake, na akakiita chumba cha Ruqia. Hakumpangisha mtu. Kila baada ya miezi michache alituma kwa basi chupa ya maziwa ya ngamia yaliyogandishwa katika kibuyu kilichofukizwa moshi. Yalifika Migori siku ya pili, na Ruqia akifungua kizibo alikuwa ananusa kwanza, muda mrefu, kabla ya kumimina. Akina mama walikuwa wakiuliza kama hiyo ni dawa ama nyumba ya mtu imeungua. Yeye alikunywa kikombe kimoja akaketi kimya, na waliokuwa wakicheka wakaacha kucheka wenyewe.

Kila Ijumaa baada ya alasiri Ayesha alipiga simu. Swali lake la kwanza lilikuwa lilelile: "Wamo wangapi?" Ruqia akijibu watatu, au sita, Ayesha aliguna, wakaendelea na habari za mbuzi na za harusi.

Miaka mitatu ya kwanza baada ya kifo cha Osman, nyumba ilikuwa ikibaki tupu mara kwa mara, na Ruqia alikwenda Isiolo mara tatu. Safari si ya kwenda na kurudi siku moja: ni siku nzima hadi Nairobi, na siku nyingine kupanda kaskazini. Kisha barabara zikatengenezwa, wahudumu wa afya wa vijijini wakaijua nyumba, machifu wakaitaja barazani, na vitanda havikupoa tena. Alipotoka mmoja aliingia mwingine. Tuliona fahari. Tuliipaka rangi, tulijenga vyoo vipya, tulipokea wageni waliokuja kupiga picha. Osman aliweka sharti lake kwa kipimo cha nyumba iliyopata mgeni mara moja moja. Nyumba ikakua, sharti likabaki vilevile, na mzigo wote ukamwangukia mtu mmoja. Hakuna aliyeliona hilo, au tuliliona tukaliita ucha Mungu wake. Mimi nilikuwa nikiswali katika msikiti ule miaka yote hiyo, kwa hiyo sijitoi.

Miaka sita ilipita bila yeye kukanyaga Isiolo.

Mwaka huu, mwezi wa kwanza, Ayesha alimwambia kwamba figo zake zimechoka na sasa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Hakulia wala hakuomba. Alisema tu kwamba angependa wakae pamoja kabla ya Ramadhani, na kwamba kile chumba kimefagiliwa.

Ruqia alikwenda kwa Mzee Mohammad siku iliyofuata. Alimkuta kwenye duka lake la vitambaa, akamweleza hali ya dada yake, akamwomba kamati imtafutie mtu wa kushika nafasi yake kwa wiki tatu. Mohammad si mtu mbaya. Ni mmoja wa wale wanaoheshimu karatasi kuliko wanavyoisoma. Alimpa kiti na chai, akampa pole kwa moyo wa kweli, kisha akamwambia kwamba karatasi haisemi lolote kuhusu wiki tatu. Inasema msimamizi, na msimamizi mwingine hapatikani mpaka wa kwanza afe.

"Sharti ni sharti, Mama," alisema. "Tukilegeza moja leo, kesho mtu atatuuliza kwa nini hatuuzi mabati."

Akaahidi kwamba kamati itakaa kulijadili baada ya Ramadhani. Yeye mwenyewe hakuwahi kulala katika nyumba ile usiku mmoja, na kwa nini alale, yeye ni mwanamume. Lakini anao mke, anao mabinti wanne, na hakuna hata mmoja aliyetajwa.

Ruqia alirudi akaanza kungoja nyumba iwe tupu. Wakati huo walikuwamo watano. Pauline alimshauri njia fupi. Pauline ni jirani, mkunga mstaafu wa Kijaluo na Msabato, anayepika katika jiko la nyumba ile siku zote isipokuwa Jumamosi. Humwita Ruqia "nyamera", yaani dada yangu, na katika mji huu mzima ndiye aliyekuwa na haki ya kumwita hivyo. Alisema waandike kwenye lango kwamba nyumba imejaa. Mtu akija aelekezwe kwa jamaa, au kanisani, kwa wiki chache tu.

"Imejaa nani?" Ruqia aliuliza. "Niandike imejaa na vitanda vimelala vitupu? Osman nitamjibu nini Siku ya Kiyama?"

Basi wakangoja. Wawili wakajifungua wiki ya kwanza, mmoja akahamishiwa wodini, mwingine akaondoka kwa ahadi ya kurudi asirudi. Akabaki Millicent wa Kisegi, msichana mrefu mwenye mtoto aliyekataa kugeuka. Kwa mara ya kwanza Ruqia alianza kumuuliza mgonjwa kila asubuhi kama bado hajasikia kitu, na Millicent, ambaye hakujua sababu, akaona kwamba mama huyu anampenda kupita kiasi. Siku ya Jumanne alipasuliwa salama, mtoto wa kiume. Jumatano Ruqia alifua mashuka manane na kuyaanika. Hayakukauka, mvua ilinyesha. Akacheka, Pauline anasema, kicheko cha mtu ambaye mvua haimhusu tena.

Alikata tikiti ya basi la Alhamisi, saa tatu asubuhi. Alinunua njugu za Homa Bay, kwa sababu Ayesha alizipenda na meno yake bado yalizimudu. Saa mbili alikuwa amefunga vyumba vyote, ameweka begi kwenye baraza, anafunga lango, na Pauline amesimama kando kumsindikiza. Pikipiki ikasimama. Juu yake alikuwako mwanamke aliyejifunga leso mbili, ameketi upande, uso umevimba. Aliyemleta, shemeji yake aitwaye Nchagwa, alisalimu, akasema wametoka Kehancha alfajiri. Mwanamke alikuwa Bhoke. Mimba ya mapacha, mwezi wa nane, presha, na mimba mbili zilizotangulia zilikuwa zimeharibika. Daktari alikuwa amemwambia akae karibu. Alikuwa amesikia kwamba hapa mtu haulizwi kitu.

Nchagwa akatazama begi, akatazama ufunguo, akasema kama kuna shida wanaweza kutafuta mahali pengine, ingawa Migori hawamjui mtu.

"Nyamera, basi linaondoka saa tatu," Pauline akasema. "Wewe enda. Mimi nitalala na huyu."

"Wewe si msimamizi."

"Kwani huo mlango unajua?"

Pauline akasogea karibu, akapunguza sauti, ingawa wote walisikia. "Mimi Sabato yangu naishika tangu nizaliwe na wewe shahidi. Lakini hata siku ya Sabato, ng'ombe akitumbukia shimoni tunamtoa."

"Na aliye shimoni ni nani, Pauline? Ni mimi ama ni huyu?"

Bhoke, ambaye tayari alikuwa ameketi juu ya mzigo wake akihema, akauliza kama ng'ombe anayesemwa ni yeye. Nchagwa akamwambia atulie, kwao Kuria mtu akikuita ng'ombe hajakutukana, amekupandisha cheo. Wote wanne wakacheka pale langoni, na katika kile kicheko Pauline alidhani jambo limekwisha, kwamba Ruqia atachukua begi lake. Ruqia alilichukua begi. Akafungua lango, akafungua chumba cha kwanza, akamwingiza Bhoke, akamtandikia shuka lililokuwa bado na unyevu. Njugu alimpa Nchagwa ale njiani.

Pauline hakumsemesha kwa siku tatu. Alikuja kupika, akapika, akaondoka. Sina budi kusema kwamba katika hasira ile Pauline alikuwa na haki, na Ruqia alikuwa na haki katika ukaidi wake, na sisi wengine wote tuliokuwa tumelala majumbani kwetu ndio tuliokuwa na makosa.

Ijumaa, baada ya alasiri, simu ikalia.

"Wamo wangapi?" Ayesha aliuliza. Sauti ilikuwa imepungua.

"Mmoja."

Safari hii Ayesha hakuguna.

"Basi ni mmoja tu anayenizidi," Ayesha akasema.

Ruqia alitaka kueleza. Akaanza na lile lililokuwa karibu na ulimi. Alisema mwanamke huyo ana mapacha.

"Basi ni watatu."

Akacheka kidogo, kwa sababu alikuwa mcheshi tangu utotoni, kisha akasema amechoka, wataongea. Ruqia aliniambia kwamba alibaki ameshika simu sikioni, na kwamba katika kichwa chake alipata majibu saba au manane, yote mazuri, na yote yalikuja baada ya simu kukatwa. Alipiga Jumamosi, akaambiwa amelala. Alipiga Jumatatu, akaambiwa yuko kwenye mashine.

Jumatano kabla ya adhuhuri Suhail, mtoto wa Ayesha, alipiga simu, akasema mama yake amefariki na watamzika alasiri. Ruqia alikuwa jikoni. Alizima moto, akaketi kwenye kigoda cha Pauline, na Pauline, ambaye alikuwa amesimama na mwiko mkononi, akaketi chini sakafuni kando yake. Hata angeondoka dakika ile asingefika mazishini. Sisi tunazika siku ileile. Lakini kulikuwa na siku tatu za matanga, ambazo angefika kwa siku ya mwisho, akaketi na watu wa kwao, akasikia dada yake akisemwa kwa lugha yake. Bhoke alitoka chumbani akishika ukuta, na alipoelewa kilichotokea aliingia ndani akaanza kufunga mzigo wake.

"Mimi narudi Kehancha," alisema. "Wewe enda, Mama. Mimi sikuja kumfungia mtu njia."

Ruqia aliinuka, akamnyang'anya leso, akaikunjua na kuitandaza tena kitandani. Alimwambia kwamba kufa amekufa mmoja, inatosha, na aiweke ile miguu yake juu ya stuli. Kisha akamwomba Pauline amalizie ugali, akaenda kuswali.

Suhail alituma picha ya kaburi. Udongo mwekundu mkavu, mawe mawili, mbuzi mmoja kwa mbali. Ruqia aliitazama akasema huko hakujanyesha.

Bhoke alipasuliwa Jumatatu iliyofuata. Watoto wawili wa kike, wadogo, wazima. Aliporuhusiwa alipita kuaga, na mbele ya watu akasema mmoja angependa aitwe Ayesha. Ruqia alimkatalia. Alisema mtoto asibebeshwe mzigo ambao hakuuokota, ampe jina la bibi yake. Wengine waliona ni ukali. Mimi niliona ni heshima, kwa mtoto na kwa marehemu.

Kamati ilikuja kutoa pole, wanaume saba, na Idil, mke wa Mohammad, pamoja na wanawake wengine wa msikiti. Walisoma dua. Wakanywa chai. Walipokuwa wanatafuta viatu vyao Ruqia aliwaomba wakae tena. Akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama yuko mtu aliyewahi kumuuliza kadhi kuhusu lile sharti. Mohammad akatazama wenzake. Wenzake wakatazama mkeka. Ruqia akasema yeye pia hakuuliza, kwa hiyo halaumu, ila anaomba barua iandikwe sasa, kwa ajili ya msimamizi atakayekuja baada yake.

Barua iliandikwa. Jibu la kadhi lilifika baada ya siku nane, nusu ukurasa. Lilisema kwamba kusudi la aliyeweka sharti liko wazi katika maneno yake, nalo ni kwamba mama anayengoja asiachwe peke yake. Kwa hiyo naibu mwaminifu, akiteuliwa na msimamizi na kulala ndani kwa niaba yake, sharti limetimia bila upungufu. Mohammad aliisoma msikitini baada ya swala ya Ijumaa. Swali ambalo jibu lake lilikuwa mbali nasi kwa siku nane lilikaa kwetu miaka sita bila kuulizwa.

Nimefikiri sana juu ya jambo hili, na sitaki msomaji achukue funzo jepesi kwamba masharti ni ya kulegezwa. Bila sharti lile, mwanamke mwingine angefungiwa kwa kufuli. Nyumba za namna hii haziui kwa ukatili. Huua kwa mtu aliyesema narudi sasa hivi. Lakini wakfu haukuwekwa juu ya mabega ya mtu mmoja. Anayetoa mali hutajwa katika dua kila Ijumaa, na mwenye kuilinda tunamwachia thawabu zake peke yake, tukidhani tunamheshimu. Jamii inayofurahia manufaa ya wakfu bila kumuuliza msimamizi wake kama amelala, kama ameona ndugu zake, inakula mali isiyo yake. Hilo ni kosa letu, na halina kadhi wa kulipunguza.

Nilimuuliza Ruqia kwa nini yeye mwenyewe hakuuliza mapema. Tulikuwa kwenye baraza. Ndani walikuwamo wanne. Alifikiri kidogo. Alisema aliona kuuliza ni kama kutafuta mlango, na mtu akishaanza kutafuta mlango, moyo wake umeshatoka. Halafu akasema kwamba Osman hakumwambia asiulize. Hilo alilifikiria baadaye.

Siku hizi Idil na Pauline hupokezana kulala katika chumba cha karibu na lango, Idil siku nne na Pauline tatu, na wanagombana kuhusu chumvi. Ruqia alikwenda Isiolo mwezi wa Shawwal, unaofuata Ramadhani. Alikaa katika chumba kilichojengwa kwa ajili yake siku kumi na moja, akarudi. Wakwe na wapwa walimtaka abaki, nasi pia tulimwambia anaweza kubaki. Alisema ua ule sasa ni wa watoto, na watoto wana mambo yao. Mtu aliyetaka kuzeeka naye hayumo. Bado hulalamikia mvua, ila hataji tena Isiolo. Chupa za maziwa hazitumwi.

Katika miaka yote ya usimamizi wake, hakuna mama hata mmoja aliyeachwa peke yake katika nyumba ya Osman. Kwa hilo Ruqia alikosa kumwona dada yake miaka sita, hakuwepo alipokufa, hakumzika, na neno la mwisho alilosikia kwake lilikuwa la lawama ambalo hakupata nafasi ya kulijibu.